Chungwa lililorushwa juu husimama kileleni: kwa nini mchapuko wake si sifuri?

Mzazi wa Kidato cha Pili

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wenzangu wa rika moja, habari za jioni. Nina mtoto wa Kidato cha Pili ambaye wiki iliyopita alirudi nyumbani na karatasi ya jaribio la fizikia, mada ikiwa ni mwendo katika mstari ulionyooka, na swali moja la karatasi hiyo limetufanya tubishane mezani siku tatu mfululizo bila kupata wa kutuamua. Swali lilisema hivi: chungwa linarushwa wima kwenda juu kwa velositi ya mita 10 kwa sekunde, taja velositi yake na mchapuko wake pale linapofika kileleni. Mtoto aliandika sifuri kwa velositi akapewa vema, kisha akaandika sifuri kwa mchapuko akapewa kosa. Pembeni yake mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu namba 10 na mshale unaoelekea chini, basi, bila maelezo mengine.

Mimi ni fundi cherehani, fizikia niliagana nayo baada ya mtihani wa Kidato cha Nne, na nakiri kwamba katika ubishi huu nilikuwa upande wa mtoto. Chungwa likifika juu husimama, hilo kila mtu ameliona. Kama limesimama, linachapuka vipi?

Tulipofungua daftari lake kutafuta jibu, tukakuta mambo mengine mawili yaliyotuchanganya zaidi. La kwanza, ameandika kwamba gari linalokata kona kwa mwendo usiobadilika lina mchapuko, ilhali ukurasa wa nyuma yake ameandika kwamba mchapuko ni badiliko la velositi kwa muda. Kama spidi haijabadilika, badiliko liko wapi? La pili, ameandika kwamba mchapuko hasi ni kupunguza mwendo, na sasa sielewi iwapo ile 10 ya mshale wa chini ni hasi au chanya.

Naomba mnieleze kwa Kiswahili, kwa maana darasani wanafundishwa kwa Kiingereza, naye anazikariri tafsiri neno kwa neno kama kasuku. Ukimuuliza kwa lugha ya nyumbani, anaanza kukuna kichwa.

Mwalimu mstaafu

Marahaba, mzazi. Mpe pole mtoto na umwambie asione haya, kwa sababu kosa hilo nimelisahihisha kwa miaka 31 darasani, na wa kwanza kulifanya nilikuwa mimi mwenyewe nikiwa na umri kama wake.

Nianze na kasi na velositi, na hapo sitakaa sana. Kasi, au mwendokasi (simaanishi yale mabasi ya Dar es Salaam), inakuambia umbali unaopitiwa kwa kila sekunde, basi. Velositi inakuambia hayo pamoja na mwelekeo. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 na kuweka rekodi ya dunia, akiwa ameongoza tangu mwanzo wa mbio. Ukigawa, kasi yake ya wastani ilikuwa kama mita 7.07 kwa sekunde. Lakini mbio hizo ni mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja, na katika uwanja wa kawaida kutoka mstari wa kuanzia hadi mstari wa kumalizia, ukikatiza moja kwa moja, ni karibu mita 70 tu. Kwa hiyo velositi yake ya wastani ilikuwa chini ya nusu mita kwa sekunde, mwendo ambao mtoto anayetambaa anauweza. Hakuna aliyemdharau Bayi kwa hilo. Ni kwamba velositi inajali ulikotoka na ulikofika, wakati kasi inahesabu kila hatua uliyopiga.

Sasa tuje kwenye chungwa. Tuuchukue mvutano wa dunia kuwa 10 ili hesabu iwe rahisi, ingawa thamani iliyo sahihi zaidi ni 9.8, na tukubaliane kwamba mwelekeo wa juu ni chanya na wa chini ni hasi. Chungwa linatoka mkononi kwa velositi ya 10. Baada ya nusu sekunde velositi ni 5. Baada ya sekunde moja ni sifuri, na hapo limefika kileleni, mita 5 juu ya mkono wako. Baada ya sekunde moja na nusu ni hasi 5, yaani linashuka. Baada ya sekunde mbili ni hasi 10, na limerudi mkononi. Mwambie mtoto aandike namba hizo kwa mstari mmoja: 10, 5, 0, hasi 5, hasi 10. Kisha mwulize kila hatua imepungua kiasi gani. Kila hatua imepungua 5, na ile ya kutoka sifuri kwenda hasi 5 imepungua 5 sawasawa na zile nyingine. Kupungua huko, ambako ni 5 kwa kila nusu sekunde au 10 kwa kila sekunde, ndiko kunakoitwa mchapuko. Sifuri ni namba mojawapo kati ya zile ambazo velositi inapitia njiani, kama vile basi linavyopita Chalinze bila kuishia hapo.

Kama hesabu haimwingii, tumia pesa. Mtu ana shilingi 10,000 na kila siku anatumia 5,000, akiishiwa anakopa dukani kwa Mangi. Salio lake linakuwa 10,000, kisha 5,000, kisha sifuri, kisha deni la 5,000, kisha deni la 10,000. Siku ile salio liliposoma sifuri, je, matumizi yake yalikuwa sifuri? Hata kidogo, aliendelea kula kama jana na juzi. Velositi ni salio, mchapuko ni matumizi ya kila siku. Mtoto wako alitazama salio, likasoma sifuri, akahitimisha kwamba mtu huyo ameacha kula.

Kuna njia nyingine ya kulithibitisha jambo hili, nayo nilikuwa naipenda zaidi kwa sababu haihitaji namba. Tuseme mtoto yuko sahihi, kileleni velositi ni sifuri na mchapuko pia ni sifuri. Mchapuko sifuri maana yake velositi haibadiliki. Na kama velositi ni sifuri na haibadiliki, basi itaendelea kuwa sifuri. Chungwa lingebaki limening'inia hewani mita 5 juu ya mkono wake kama taa ya barabarani, na angehitaji ngazi ili kulila. Linarudi kwa sababu mchapuko haukukatika hata kwa kitambo cha kufumba na kufumbua. Dunia inalivuta likiwa linapanda, inalivuta likiwa kileleni, inalivuta likiwa linashuka, na nguvu ya kuvuta ni ile ile muda wote. (Upepo na ukinzani wa hewa tumeuacha nje, kwa chungwa linalopanda mita 5 athari yake ni ndogo.)

Neno lenyewe nalo lina lawama. Katika mazungumzo, kuchapuka ni kwenda mbio, kwa hiyo mtoto akisikia kitu kina mchapuko mkubwa, anakiona akilini kinakimbia. Treni ya umeme inayokwenda kilomita 160 kwa saa kwenye reli iliyonyooka, bila kuongeza wala kupunguza, ina mchapuko sifuri, na chai iliyomo kwenye kikombe chako inatulia kama iko mezani nyumbani. Bodaboda inayoondoka kijiweni na kufikisha kilomita 36 kwa saa ndani ya sekunde 4 imetoka sifuri hadi mita 10 kwa sekunde, yaani ina mchapuko wa 2.5, na abiria asiyejishika anaweza kuanguka chali. Ukitaka kujua kasi, tazama miti inavyopita dirishani. Ukitaka kujua mchapuko, sikiliza mgongo wako unavyosukumwa na kiti.

Na kipimo chake kisomwe taratibu. Tulizoea kuandika mita kwa sekunde ya mraba, na mwanafunzi anabaki kujiuliza sekunde yenye pembe nne inafananaje. Asome hivi: mita kwa sekunde, kwa kila sekunde. Sehemu ya kwanza ni velositi, sehemu ya pili inasema velositi hiyo inabadilika kiasi hicho kila sekunde inapopita.

Suala la kona na la alama ya hasi nawaachia wengine, maana nimeandika mengi na macho hayanisaidii usiku.

Dereva wa njia ya Mbeya

Shikamoo Mwalimu, na habari yako mzazi. Mimi sikusoma fizikia zaidi ya Kidato cha Pili hicho hicho, lakini nimeendesha malori na baadaye mabasi kati ya Dar es Salaam na Mbeya kwa miaka mingi, na kona za mlima wa Kitonga katika njia hiyo zilinifundisha kile ambacho daftari la mtoto linakieleza kwa ufupi mno.

Velositi ina mwelekeo ndani yake, kama Mwalimu alivyosema. Sasa chukua kona inayogeuka robo duara, unaingia ukiwa umeelekea kaskazini na unatoka ukiwa umeelekea mashariki, mshale wa spidi umekaa pale pale kwenye kilomita 36 kwa saa, ambazo ni mita 10 kwa sekunde. Ulipoingia, mwendo wako wa kwenda kaskazini ulikuwa mita 10 kwa sekunde na wa kwenda mashariki ulikuwa sifuri. Ulipotoka, wa kaskazini ni sifuri na wa mashariki ni 10. Kuna kitu kimeondoa 10 upande mmoja na kuweka 10 upande mwingine, na kitu hicho ni matairi yanayoikamata lami na kulisukuma basi kuelekea ndani ya kona. Mshale wa spidi haukuona kitu kwa sababu wenyewe hausomi mwelekeo. Abiria wameona: mama aliyekaa dirishani amebanwa na jirani yake, na ndoo ya nyanya iliyowekwa njiani kati ya viti imeteleza.

Mwanangu aliyesoma alinipa kanuni yake, nami nikaiona kweli: zidisha kasi kwa kasi, kisha gawa kwa nusu kipenyo cha kona. Kona yenye nusu kipenyo cha mita 50 ukiipita kwa mita 10 kwa sekunde, mchapuko ni 100 gawanya kwa 50, yaani 2. Ukiipita kwa kasi maradufu, kilomita 72 kwa saa, mchapuko hauwi 4 bali 8, na hapo hauko mbali na ule mvutano wa dunia wenyewe. Tairi haliwezi kuahidi kukamata kiasi hicho, na basi refu lililobeba mizigo juu linaweza kulala kabla tairi halijateleza. Wanaopindukia Kitonga wengi hawakuwa na kasi kubwa machoni pao.

Kuhusu hasi, sikubaliani na daftari. Fikiria lori linarudi nyuma kuingia ghalani kwa mita 2 kwa sekunde. Tukisema mbele ni chanya, velositi yake ni hasi 2. Utingo anapiga bodi, unakanyaga breki, na baada ya sekunde mbili umesimama. Velositi imetoka hasi 2 hadi sifuri, yaani imepanda kwa 2, na mchapuko ni chanya 1. Umepunguza mwendo, na mchapuko ni chanya. Kwa hiyo hasi haimaanishi kupunguza. Inamaanisha mchapuko umeelekea upande ule mliokubaliana kuuita hasi. Unapunguza mwendo pale velositi na mchapuko vinapoangaliana, unaongeza pale vinapoelekea upande mmoja. Lile chungwa linapopanda, vinapishana. Linaposhuka, viko pamoja. Mchapuko wenyewe ni hasi 10 safari nzima.

Niongeze moja la breki, nalo ndilo linalonikosesha usingizi nikiona vijana wanavyokimbiza magari. Tuseme basi zima kwenye lami kavu linaweza kupunguza mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka kilomita 80 kwa saa litasimama baada ya sekunde kama 4.4 na mita kama 49. Kutoka kilomita 100 litasimama baada ya mita kama 77. Umeongeza robo tu ya mwendo, na umbali wa kusimama umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, ambayo kwa kilomita 80 imeshakula mita 22.

Mzazi wa Kidato cha Pili

Mwalimu na Dereva, Mungu awazidishie. Habari ya deni la Mangi imeeleweka nyumbani kwangu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu tunalo.

Hata hivyo mtoto ana hoja mbili. Ya kwanza, amejaribu kuhakiki breki za Dereva: ametoa 80 mpaka sifuri, akagawa kwa 4.4, akapata zaidi ya 18, wakati Dereva amesema 5. Ya pili ndiyo iliyonirudisha hapa usiku huu. Amepakua kwenye simu yangu programu inayosoma kipima mchapuko kilichomo ndani ya simu. Ameilaza simu mezani, haitikisiki, na kioo kinaandika 9.8. Nimeiona kwa macho yangu. Akaniuliza: baba, simu iliyolala mezani nayo inachapuka? Nikakosa jibu, nikamwambia alale.

Mwanafunzi wa uhandisi

Shikamooni wote. Hoja ya kwanza ni fupi: 80 ni kilomita kwa saa, lakini 5 ni mita kwa sekunde kwa kila sekunde. Agawe 80 kwa 3.6 kwanza, apate 22.2, ndipo agawe kwa 4.4, na atapata 5 aliyoisema Dereva. Kosa hili tunalifanya hata chuoni, mtihani ukiwa na haraka.

Hoja ya pili ni nzuri sana, na ningependa kumpongeza mtoto kwa sababu amekamata jambo ambalo jina la kifaa linalificha. Ndani ya simu kuna chipu yenye kipande kidogo mno cha silikoni kilichoshikiliwa na vishikizo vinavyonyumbuka, kama mzigo ulioning'inizwa kwenye springi. Simu ikisukumwa, kipande hicho huchelewa kidogo, vishikizo hupinda, na chipu hupima kiasi cha kupinda huko. Kwa hiyo inachopima hasa ni jinsi simu inavyosukumwa na vitu vinavyoigusa. Mvutano wa dunia hauwezi kuuona peke yake, kwa sababu unavuta simu na kile kipande kwa pamoja, bila kimoja kumwacha mwenzake nyuma. Simu ikilala mezani, meza ndiyo inayoisukuma juu ili isianguke, na msukumo huo ndio unaosomeka 9.8. Simu haichapuki, dunia inavuta chini, meza inasukuma juu, vinalingana, na velositi inabaki sifuri sekunde baada ya sekunde. Tofauti yake na chungwa la kileleni iko hapo hapo: vyote viwili vina velositi sifuri, lakini chungwa halina meza chini yake.

Nilijaribu jambo hili chumbani kwangu mwaka wa kwanza, nikitumia simu ya zamani yenye kioo kilichokwisha pasuka na godoro la kuidakia. Niliiwasha irekodi, nikairusha wima kama mita moja juu, ikaanguka kwenye godoro. Grafu ilikuwa na mlima mmoja pale mkono uliposukuma, kisha mstari ukaporomoka hadi karibu na sifuri na kubaki huko, kisha ukaruka ghafla ilipogusa godoro. Nilikuza lile eneo la katikati nikitafuta mahali simu ilipofika kileleni, na sikupaona. Kupanda, kufika juu na kushuka vyote vilikuwa mstari mmoja uliolala, ukitikisika kidogo kwa sababu simu ilikuwa inajizungusha. Tangu ilipoachwa na mkono hadi ilipopokewa na godoro, hakuna kilichokuwa kinaigusa zaidi ya hewa, na dunia iliivuta vile vile muda wote. Kilele tunakiona sisi tunaotazama kwa macho. Chipu haina habari nacho.

Tafadhali mtoto asilirudie jaribio hili kwa simu ya mzazi.

Mwalimu mstaafu

Kijana, maelezo yako ya ile chipu ningeyatamani miaka ile ambayo kifaa changu pekee kilikuwa chaki. Nakubaliana nayo yote.

Kwa kuwa simu ya mzazi haitarushwa, nipendekeze jaribio la gololi. Galileo, katika kitabu chake kilichochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, alieleza jinsi alivyoviringisha gololi ya shaba kwenye mfereji wa ubao ulioinamishwa kidogo, akipima muda kwa maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye chombo, kwa sababu saa ya kupima sekunde hakuwa nayo. Kitu kinachoanguka wima kinakimbia mno kwa macho, lakini mwinamo unaupunguza mchapuko bila kuiharibu tabia yake. Aligundua kwamba umbali unaopitiwa katika vipindi vilivyo sawa unafuata namba witiri: kipindi cha kwanza sehemu 1, cha pili sehemu 3, cha tatu sehemu 5. Mtoto akiuona mfuatano huo, atakuwa ameuona mchapuko usiobadilika, kwa maana kila kipindi kinaongeza sehemu 2 zile zile juu ya kilichotangulia.

Pasueni bomba la plastiki kwa urefu, mliinamishe kidogo, na mrekodi video kwa simu. Simu ikae pembeni, mbali kiasi cha kuliona bomba zima.

Mzazi wa Kidato cha Pili

Mwalimu, tumelifanya Jumapili baada ya ibada. Nilipata kipande cha bomba cha mita 3 kwa fundi bomba jirani, tukakipasua kwa msumeno wa chuma, mtoto akachora alama kila sentimita 10 kwa kalamu ya maka, tukainua upande mmoja kwa matofali hadi sentimita 25. Dada yake alishika simu. Mara nne za kwanza hazikufaa, kwa sababu mtoto alikuwa anaisukuma gololi badala ya kuiachia. Mwishowe tukaizuia kwa rula na kuinyanyua rula.

Tuliisimamisha video kila sekunde moja na kusoma alama. Sekunde ya kwanza gololi ilikuwa imepita sentimita 30, ya pili ilikuwa kwenye 116, ya tatu kwenye 257. Mtoto akatoa moja kutoka nyingine akapata 30, 86 na 141. Akagawa zote kwa 30: moja, karibu 2.9, karibu 4.7. Alikaa kimya akizitazama namba hizo kwa muda, kisha akachukua karatasi ya jaribio, akaandika pembeni ya ile 10 nyekundu kwa penseli: sawa.

Swali lake sasa ni kwa nini hakupata 3 na 5 kamili. Mimi nilisema ni msuguano wa bomba. Dada yake anasema aliisimamisha video ile ya kwanza kwa kuchelewa, kwa hiyo 30 ni kubwa kuliko inavyostahili na ndiyo inayozipunguza zote mbili. Mtoto amegawa 141 kwa 86, akapata karibu 1.64, na anasema 5 gawanya kwa 3 ni karibu 1.67, kwa hiyo dada yake ana haki zaidi kuliko mimi. Jumapili ijayo tutapandisha hadi sentimita 50, na tayari ameandika ukutani kwa chaki ya kushonea namba anazotarajia kupata, nami nimeonywa nisizifute.